Cyberpunk 2077 inakwamakwama: mjue anayechelewesha kabla hujashusha mipangilio

Mtu akisema "gemu inakwama" bado hajasema kitu. Kuna gemu inayocheza kwa fremu 25 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Kuna inayoanza na 70, halafu baada ya nusu saa inaanguka hadi 35. Na kuna inayoandika 60 kwenye kona ya skrini huku picha ikirukaruka kila ukikata kona na gari. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa ya moja haiponyi jingine. Ndiyo maana ule ushauri wa kila siku, "shusha kila kitu kwenda Low", huwaacha wengi na picha mbaya na FPS (fremu kwa sekunde) zilezile.

Hapa nimechukua Cyberpunk 2077. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, kazi ya studio ya CD Projekt Red ya Poland, na ilikuwa nzito kiasi kwamba PlayStation 4 iliishindwa kabisa. Wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao, ikarudi Juni 2021. Kwenye PC imerekebishwa sana tangu hapo, lakini bado inabana kila kipande cha mashine kwa wakati mmoja: kadi ya grafiki, prosesa, RAM na diski. Ukiweza kulisoma tatizo lako ndani ya Night City, mji wa gemu hii, gemu nyingine hazitakusumbua. Na kwa kuwa inachezwa peke yako, hakuna kusingizia bando. Intaneti mbovu haipunguzi hapa hata fremu moja.

Unachokidai kinawezekana?

Mwaka 2023, wakati wa maandalizi ya toleo la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty, studio ilipandisha mahitaji ya gemu. Kiwango cha chini sasa ni prosesa ya Core i7-6700 au Ryzen 5 1600, RAM ya GB 12, kadi ya GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8, na SSD yenye nafasi ya GB 70. Wengi wanaishia hapo kusoma. Kiwango hicho kinakuahidi 1080p, mipangilio ya Low, FPS 30. Hakuna aliyekuahidi 60. Anayetaka 60 kwenye 1080p na High anaelekezwa kwenye RTX 2060 Super au RX 5700 XT, pamoja na RAM ya GB 16.

Kwa hiyo mwenye GTX 1060 anayepata 38 kwenye Low hana tatizo la kutatuliwa. Ana kadi ya mwaka 2016 inayojitahidi kuliko ilivyoombwa. Uwe makini na jina pia: GTX 1060 ya GB 3 ni kadi nyingine, ina kori 1,152 badala ya 1,280, na gemu hii inamaliza memori yake kabla hujatoka nje ya nyumba ya V, mhusika unayemchezea.

Upande wa juu kuna path tracing, yaani mwanga unaokokotolewa mwale kwa mwale, iliyoongezwa Aprili 2023. Hiyo hata RTX 4090 kwenye 4K bila DLSS (kuchora picha ndogo kisha kuikuza) haifikishi FPS 30. Kama umeiwasha kwa udadisi ukasahau kuizima, izime sasa, kisha endelea kusoma ukibaki na shida.

Pima kwanza

Weka programu ya vipimo ya MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo. Kwenye skrini onyesha FPS, grafu ya muda wa kila fremu, matumizi ya kadi kwa asilimia, VRAM (memori ya kadi yenyewe) inayotumika, joto na megahezi za kadi, matumizi ya kila thredi (njia ya kazi) ya prosesa, joto la prosesa, na RAM. Skrini itajaa maandishi. Vumilia, ni kwa siku moja tu.

Kwa nini grafu ya muda wa fremu na si FPS peke yake? Kwa FPS 60 kila fremu inapewa milisekunde 16.7, kwa FPS 30 inapewa 33.3. FPS ni jumla ya sekunde nzima, na jumla inaficha mengi. Fremu 55 za milisekunde 16 na fremu moja ya milisekunde 120 zinajaza sekunde moja sawasawa. Kona ya skrini itaandika 56, namba nzuri tu, na jicho lako litakuwa limeona gari likiganda barabarani. Kwenye grafu fremu hiyo itaonekana kama mwiba.

Baada ya hapo tazama asilimia ya kadi, maana ndiyo inayokupa nusu ya jibu. Prosesa na kadi ni kama watu wawili wa kibanda cha chipsi: mmoja anamenya na kukata viazi, mwingine anakaanga. Prosesa inaandaa fremu, yaani nani yuko wapi, gari linaelekea upande gani, kipi kinaonekana na kipi hakionekani. Kadi inachora. Kadi ikiwa kwenye asilimia 97 hadi 99, mkaangaji amezidiwa, na kupunguza ubora wa picha kutasaidia. Ikiwa kwenye 55, mkaangaji amekunja mikono anasubiri viazi. Ukimpunguzia mafuta au ukimpa jiko jipya, foleni haisogei.

Kuna jaribio la dakika moja la kuhakikisha. Simama mahali pamoja, andika FPS, kisha shusha resolusheni kutoka 1080p kwenda 720p. Umeipunguzia kadi zaidi ya nusu ya kazi, maana pikseli zimetoka 2,073,600 hadi 921,600. FPS zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, achana na kadi. Tafuta kwenye prosesa, RAM au kizuizi fulani cha makusudi.

Usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa. Prosesa yenye thredi 12 inaweza kuandika asilimia 40 huku thredi moja ikiwa 98, na hiyo moja inatosha kuwaweka wengine wote foleni.

Gemu yenyewe ina kipimo chake ndani ya mipangilio, kinachokupa FPS za wastani, za chini na za juu. Kitumie kabla na baada ya kila badiliko, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nalisisitiza hili kwa sababu ya kisa cha Desemba 2020. Wachezaji waligundua faili iitwayo memory_pool_budgets.csv, wakaanza kuandika humo namba za RAM na VRAM zao, na maelfu wakaapa kwamba FPS zimepanda. Toleo la 1.05 lilipotoka siku chache baadaye, studio ilisema faili hiyo haikuwa imeunganishwa na chochote. Ilikuwa mabaki ya wakati wa utengenezaji. Nafuu waliyoiona huenda ilitokana na kufunga gemu na kuifungua upya. Faili ikafutwa. Miongozo inayoitaja bado inazunguka hadi leo.

FPS ziko chini tangu unawasha, popote uendapo

Hapa mara nyingi shida si gemu. Ni mashine ilivyofungwa.

Kijana mmoja alileta tawa ya ofisini, aina ile inayoingia kwa makontena kutoka Ulaya ikiwa imetumika. Ndani mna i7-6700, RAM ya GB 16, na RX 580 aliyoiongeza mwenyewe. Kwenye Low hapati hata FPS 10. Tukawasha vipimo: matumizi ya kadi, sifuri, joto la kadi, nyuzi 38, feni zake zimesimama kabisa. Kadi imekaa imetulia kana kwamba hakuna gemu. Nikageuza tawa. Kebo ya HDMI imechomekwa juu, kwenye mstari mmoja na matundu ya USB na LAN, yaani kwenye mazabodi, na gemu inachorwa na grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Tundu la kadi liko chini, limelala. Tukahamisha kebo, kazi ikaisha. Kabla ya kusoma chochote kingine, hakikisha kebo yako inaingia kwenye kadi.

Kwenye laptopu ugonjwa huohuo una sura nyingine, kwa kuwa huko kadi ni mbili na Windows ndiyo inayochagua. Nenda Settings, System, Display, Graphics, tafuta Cyberpunk kwenye orodha, uipe High performance. Halafu angalia chaja. Laptopu ya gemu ikiwa kwenye betri hujipunguzia nguvu vibaya sana, na chaja ya kuazima yenye wati pungufu inaweza kukupa matokeo yaleyale hata kama alama ya kuchaji inaonekana. Na umeme ukikatika katikati ya mchezo usishangae FPS zikipungua kwa nusu papo hapo.

Kingine cha laptopu ambacho wauzaji hawakisemi ni wati za kadi. RTX 3060 ya laptopu inatengenezwa kwa wati kati ya 60 na 115. Jina moja, stika moja, lakini ya wati 60 haitaifikia ya 115 hata ukiibembeleza. Ukilinganisha FPS zako na za mtu wa YouTube, linganisha na wati.

RAM nayo. Mashine nyingi za mtumba zinauzwa na kijiti kimoja. DDR4 ya 3200 ikiwa kijiti kimoja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde. Vijiti viwili kwenye chaneli mbili vinapitisha 51.2. Prosesa inayosubiri data kutoka RAM inaonekana kama prosesa dhaifu, na watu wanaibadilisha bila sababu. Fungua Task Manager, Performance, Memory. Ukiona Slots used: 1 of 2, umeshampata mtuhumiwa. Pale pale soma na Speed. Ukiwa umenunua RAM ya 3200 na imeandikwa 2133 au 2400, XMP, yaani kasi kamili ya RAM, haijawashwa kwenye BIOS. Mazabodi nyingi za ofisini hazina kabisa sehemu ya XMP, hapo huna la kufanya. Kwenye mazabodi ya matundu manne, vijiti viwili vikae tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Kisha kuna kadi za bandia, na hapa niseme wazi: kadi ya bei ya kutupa ifanyie ukaguzi kabla hujatoa hela. Zipo GTS 450 na GTX 550 Ti za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zikajiita GTX 1050 Ti. Windows inaamini jina lililoandikwa. Programu ndogo ya GPU-Z haiamini; ikigundua inaandika neno FAKE mbele ya jina. Dalili ya macho ni tundu la buluu la VGA, ambalo GTX 1050 Ti halisi haina. RX 580 nayo ina pacha wake anayeitwa 2048SP, mwenye vichakato 2,048 badala ya 2,304. Huyo si bandia, ni mdogo tu, ila bei wanamuuzia ya kaka yake.

Ukiwa na RX 6500 XT kwenye mazabodi ya zamani, ujue kadi hiyo ilitengenezwa na njia nne tu za kupitishia data kwenye tundu la PCIe. Kwenye PCIe 4.0 inapumua. Kwenye 3.0 njia zilezile zinabeba nusu, na kwa kuwa VRAM yake kwa kawaida ni GB 4, gemu hii inaijaza haraka na kuanza kupitisha mizigo kwenye njia hizo nyembamba.

Inaanza vizuri, inashuka baadaye

Joto kwanza. Tazama megahezi pamoja na nyuzi. Joto likipanda, na megahezi zikaanza kuporomoka wakati gemu ni ileile na mahali ni palepale, mashine inajibana isiungue. Prosesa nyingi za Intel za laptopu hufika nyuzi 100 ndipo zinapokata kasi. Kadi za desktopu nyingi za NVIDIA huanza kujirudisha kwenye 83 hivi. GPU-Z ina mstari wa PerfCap Reason kwa kadi za NVIDIA: ukiona Thrm ni joto, Pwr ni kikomo cha wati, na hicho cha pili ni kawaida tu kwenye mzigo mkubwa.

Watu wa pwani wana hesabu yao ya ziada. Majaribio mengi ya mtandaoni yamefanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Chumba chako cha Tanga au Mombasa mwezi wa pili kina 32, na feni haiwezi kupoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Nyuzi zile kumi unazibeba zote hadi ndani ya kadi. Kwa hiyo kadi iliyosomeka 74 kwa Mzungu, kwako kusoma 84 si ugonjwa, lakini imeshagusa ukuta.

Cha kufanya: puliza vumbi ukiwa umeshikilia feni isizunguke, fungua ubavu wa tawa kwa jaribio uone kama nyuzi zinashuka (zikishuka sana, kesi yako haipumui), na kwa mashine iliyokaa miaka bila kufunguliwa badilisha pesti ya kati ya chipu na hitisinki. Laptopu itoe kitandani. Feni zinavuta kwa chini, na godoro linaziba.

Kama joto ni zuri na bado inashuka, geukia VRAM. Kadi ya GB 4 au 6 ikiwa na Texture Quality ya High inaweza kuanza na nafasi ya kutosha, halafu kadiri unavyozunguka mitaa memori inajaa na ziada inahamia kwenye RAM ya kawaida. Dalili yake ni kwamba FPS zinaanguka kwa kishindo, hazishuki taratibu, na ukifunga gemu na kuifungua zinarudi. Shusha Texture Quality peke yake. Mpangilio huu unabadilishiwa kwenye menyu kuu, kabla ya kupakia sevu. Na kama Chrome imebaki wazi nyuma ikiwa na tabo lukuki, nayo inakula VRAM, usidhani inakula RAM tu.

Namba nzuri, picha inaruka

Hapa ndipo grafu ya muda wa fremu inapolipa. Endesha gari kwa kasi kutoka Watson hadi City Center. Miiba ikitokea kila unapoingia mtaa mpya, na Task Manager inaonyesha diski kwenye asilimia 100, gemu iko kwenye HDD, diski ya kuzunguka. Mwaka 2020 HDD ilikubalika. Tangu mahitaji yalipopandishwa 2023 studio inataka SSD hata kwa kiwango cha chini. Upo mpangilio wa Slow HDD Mode, unasaidia kidogo, lakini SSD ya kawaida kabisa ya SATA inamaliza tatizo ambalo mpangilio huo unalipunguza tu. Hamishia gemu huko hata kama Windows yenyewe itabaki kwenye diski ya zamani.

Miiba isiyo na uhusiano na mwendo, inayokuja hata ukiwa umesimama, mara nyingi ni RAM au mgeni. RAM ya GB 8 kwenye gemu inayoomba 12 maana yake Windows inahamishia vitu kwenye diski kila mara, na kila uhamisho unauona kwa macho. Wageni ni antivirusi inayoskani, Windows Update inayopakua kimyakimya, programu ya kurekodi skrini, programu za taa za kibodi, na vipimo viwili vya FPS vilivyowashwa pamoja. Funga vyote, pima, kisha rudisha kimoja kimoja.

Zinashuka penye watu tu

Nje ya mji jangwani unapata 75. Ukiingia soko la Japantown au mitaa ya Dogtown zinabaki 42 na kadi inashuka hadi asilimia 60. Hii ni prosesa, haihitaji mjadala. Kila mpita njia, kila gari na kila taa ya barabarani ina hesabu zake.

Mpangilio mmoja ndio wenye maana hapa: Crowd Density. Ushushe kwenda Medium au Low. Huwezi kuamini kwamba huo mmoja unaweza kufanya zaidi ya mingine kumi ya picha. Wa pili ni ray tracing, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mzigo wa kadi peke yake. Prosesa nayo inalazimika kuandaa na kusasisha ramani ya vitu vyote ambavyo miale itagonga, hivyo mwenye kadi nzuri na prosesa ya zamani ataumia pande zote mbili.

Apdeti za baadaye ziliongeza chaguo mbili: SMT (thredi mbili kwa kila kori) kwa prosesa za AMD, na Hybrid CPU Utilization kwa Intel zenye kori kubwa na ndogo. Acha Auto kwanza. Jaribu nyingine kwa kupima. Na ule ujanja wa Desemba 2020 wa kuhariri faili ya gemu yenyewe ili Ryzen itumie thredi zote, usiuguse tena. Toleo la 1.05 lilishughulikia hilo kwa prosesa za kori 4 na 6.

Katika hali hii DLSS au mwenzake FSR haitakusaidia, na watu hukasirika ukiwaambia. Zinapunguza kazi ya kukaanga, na wewe umekosa viazi.

Imeganda kwenye 30 au 60, haipandi hata ukitazama ukuta

Namba kamili isiyoyumba si uchovu wa mashine. Kuna aliyeifunga. Tazama V-Sync (inayofungia fremu kwenye kasi ya monita) na Maximum FPS ndani ya gemu, kisha paneli ya NVIDIA au AMD. Kwenye laptopu ya NVIDIA iliyo kwenye betri, Battery Boost inafunga kwenye 30 kwa kawaida. V-Sync ya mtindo wa zamani nayo ina tabia ya kuruka: ukikosa 60 kwa kidogo inakutupa moja kwa moja kwenye 30. Na mwenye monita ya Hz 144 anayeona 60 aende Advanced display kwenye Windows; mara nyingi monita mpya inaachwa kwenye Hz 60 tangu siku ilipotolewa kwenye boksi.

Jana ilikuwa sawa, leo baada ya apdeti imeharibika

Kama umeweka modi, yaani nyongeza za mashabiki, zitoe zote kwanza. Modi iliyoandikwa kwa toleo la zamani ndiyo mtuhumiwa namba moja, na usianze kulalamikia studio kabla hujajaribu gemu ikiwa tupu. Baada ya hapo thibitisha faili kupitia Steam au GOG. Draiva ya kadi ndiyo ya tatu: ipakue kwanza, zima intaneti ili Windows isikuwahi na draiva yake, ingia Safe Mode, futa ya zamani kwa Display Driver Uninstaller, kisha weka mpya. Ikiwa tatizo lilianza na draiva mpya, rudi kwenye ile iliyokuwa inafanya kazi.

Sasa ndiyo mipangilio

Ukishajua kwamba kadi iko 99, haina joto, kebo iko mahali pake na VRAM haijajaa, ndipo kushusha kunakuwa na faida. Anza na ray tracing, izime yote. Kisha Screen Space Reflections Quality. Kiwango cha Psycho kinakula sana na ukiwa unakimbia huoni tofauti yake na High. Fuata Volumetric Fog Resolution, Volumetric Cloud Quality, Ambient Occlusion, na vivuli vya mbali. Texture Quality iache ilivyo kama VRAM inatosha, maana haikupunguzii FPS na picha inaharibika sana ukiishusha. Motion Blur na Film Grain zizime kama zinakukera. Kwenye FPS hutaona tofauti ya maana.

Halafu upskeling, yaani kuchora picha ndogo na kuikuza. Wenye RTX watumie DLSS, wengine FSR au XeSS. Kwenye 1440p, Quality inachora kwa 960p na kukuza, inaonekana vizuri. Kwenye 1080p, Quality inachora kwa 720p, na Performance kwa 540p, ambayo mimi siipendekezi kwa mtu yeyote: maandishi ya mabango ya Night City yanageuka uji. Bora ubaki Quality na ushushe vivuli.

Frame generation, yaani fremu za kubuni zinazopachikwa katikati ya zile halisi, iwe ya mwisho, na kwa mwenye FPS 50 na kuendelea tayari. Fremu zile za kati zimebuniwa; kipanya chako hakizifikii. Ukianza na 25 namba itaandika 45, lakini bunduki bado itajibu kwa uzito wa 25, na wakati mwingine kwa uzito zaidi.

Ikifika hapo bado haitoshi, kununua kuna mpangilio wake. Kijiti cha pili cha RAM na SSD ya SATA huja kwanza, ni bei ndogo na zinahamia mashine nyingine. Kadi inafuata, lakini kabla ya kuilipia fungua tawa usome wati za pawasaplai na uhesabu waya za pini 6 na 8. Tawa nyingi za ofisini zina pawasaplai ya wati 240 isiyo na waya hata moja wa kadi, na plagi ya umbo la kwake ambalo pawasaplai ya kawaida haiingii. Ukiwa na tawa ya namna hiyo, tafuta kadi inayolishwa na tundu la PCIe peke yake, yaani ya wati 75 kushuka chini, au uuze tawa nzima.